Mahali Ambapo Babu Hukaa Kimya

Ijumaa, 5 Februari 2021

Nimemaliza shule. Mahafali yalifanyika kwenye skrini. Mkuu wa shule alihutubia karibu dakika kumi akiwa amezima maikrofoni yake. Midomo ikicheza tu. Nikaandika, "Mwalimu, hatukusikii," kisha nikafuta. Nikawaza mwingine atamwambia. Tulikuwa mia na ishirini na nadhani kila mmoja aliwaza hivyo hivyo.

Bibi aliagiza tambi za mchuzi mweusi, maana mhitimu lazima ale tambi za mchuzi mweusi. Aliagiza bakuli tatu. Kijana wa pikipiki alipoondoka ndipo tukatazamana. Tuko wawili. Babu yuko hospitali ya wazee kule Suncheon tangu Novemba, tangu kiharusi, na kwa sababu ya huu ugonjwa wa dunia nzima hakuna anayeruhusiwa kumtembelea.

Bibi akasema, "Acha hapo, nitakula usiku."

Hakula. Tambi zimevimba mpaka zimejaza bakuli.

Jumapili, 7 Februari

Bi Heo amepiga simu. Yeye ndiye mhudumu wa wodi ya Babu, anamlisha, anamgeuza. Ana sauti ya haraka haraka. Amesema Babu ametamka neno la kwanza tangu Novemba. Neno lenyewe: "Ewaa!" Daktari alidhani ni kuweweseka. Bi Heo akaona atuulize sisi.

Bibi alikuwa anakata figili. Akaweka kisu chini.

"Si kuweweseka," alisema. "Anataka wimbo."

Niandike hapa, nisije nikasahau jinsi mambo yalivyokuwa. Miaka arobaini na moja, kila Jumamosi saa tisa alasiri, Bibi aliimba kwenye ukumbi wa soko hapa Gurye, na Babu akampigia ngoma. Bibi anasimama na upepeo wake wa kukunja, anaimba hadithi ndefu; Babu amekaa pembeni chini na ngoma, na Bibi akifika pazuri Babu anamwitikia — Ewaa! Hapo hapo! — na watu nao wanaitikia. Bibi husema bila mwitikio koo lake ni mfereji mkavu. Ukumbi umefungwa mwaka mzima sasa.

Simu ya video hospitali wanaruhusu dakika tano kwa wiki. Lakini kishikwambi cha wodi kinaweza kufungua chochote kilicho mtandaoni, na Bi Heo yuko zamu kila Jumamosi. Kwa hiyo Bibi ameamua: ataimba laivu kwenye simu yangu. Saa tisa, kama zamani. Hadithi ya mfinyanzi wa mitungi, ile aliyofundishwa na mwalimu wake mdomo kwa mdomo na haijaandikwa popote.

"Na nani atapiga ngoma?" nikauliza.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi.

Babu alinifundisha tangu nina miaka saba. Mikono yangu inajua. Ila mdomo! Sijawahi kuitikia hata mara moja. Babu alikuwa anasema nina mikono ya mtu mzima na mdomo wa chaza.

Jumamosi, 13 Februari

Aibu! Aibu tupu.

Tuliikunja meza, tukatandika mkeka, tukafungua kiwambo cha maua nyuma. Simu niliiegemeza juu ya kopo la kimchi ya kabichi. Bibi alivaa vazi lake jeupe na bluu. Watazamaji kumi na mmoja, na mmoja wao ni hospitali.

Bibi aliinama kusalimu, kichwa kikatoka nje ya picha. Alipoinuka akaimbia dirisha, maana ukumbini watu walikuwa upande huo. Saa nzima dunia imetazama sikio lake. Katikati boila ya kupasha nyumba joto ikaanza kunguruma, na mbwa wa jirani naye akajibu.

Kibaya zaidi ni ngoma. Nilipoisikiliza rekodi, ngoma haipo! Simu inadhani ngoma ni kelele, inaifuta. Unamwona msichana anarusha mkono hewani, kimya, kama anafukuza nzi.

Bibi alipomaliza alisimama hivyo hivyo, jasho usoni, akingoja.

"Wameondoka?"

"Wapo, Bibi. Saba."

"Mbona hawasemi kitu?"

"Wameandika, Bibi. Mmoja ameandika, 'Hongera sana mama.' Mwingine ameweka picha ya ua."

"Ua," akasema Bibi. Akakaa chini kwenye mkeka na soksi zake nyeupe mbele yake. "Nimeimba mtu kachukuliwa kwa kamba kwenda kujenga ukuta wa mfalme, mkewe mfinyanzi anakimbia nyuma bila viatu, nao wananipa ua."

Kisha akanigeukia. "Na wewe! Mpiga ngoma bubu! Mwenzio anakufa kwa kiu, wewe umekaa na maji mdomoni."

Nilienda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumapili, 14 Februari

Nimempigia Ga-ram. Yuko Seoul, anaanza chuo mwezi ujao, na ndiye rafiki pekee ninayeweza kumpigia bila kujiandaa kwanza. Ameitazama rekodi. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akaona sicheki.

Akaniambia mengi, nimeyaandika kwenye karatasi ya friji. Kwenye simu kuna mahali pa kuzima kile kinachofuta kelele. Simu iwe usawa wa macho, na aimbie tundu la kamera, si skrini, si dirisha. Boila izimwe. Itangazwe mapema na isichelewe. Na aongee na watu! Awaite kwa majina.

"Watu hawaji kusikiliza tu," alisema. "Wanakuja kuonekana. Wewe ukisoma jina la mama mmoja wa Busan, mama huyo hatoki tena hata nyumba ikiungua."

"Mimi nisome?"

"Sasa asome nani, mbwa wa jirani?"

Jumatano, 17 Februari

Mazoezi. Bibi hawezi kuliangalia tundu la kamera. Anasema ni kama kuimbia shimo la panya. Nikajaribu kubandika kikaragosi cha macho, akakikasirikia.

Mwisho nikachukua picha ya Babu, ile ya pikiniki ya mto Seomjin amevaa kofia ya jua, nikaikata, nikaibandika juu kidogo ya tundu.

Bibi akaitazama muda mrefu. "Kofia hiyo nilimkataza kuivaa," alisema. Halafu akaimba bila kuhamisha macho.

Jumamosi, 20 Februari

Leo! Leo imekuwa!

Watazamaji arobaini na tatu. Ngoma inasikika. Bibi aliwasalimu, akawaambia boila imezimwa kwa heshima yao kwa hiyo akitetemeka wasidhani ni madoido. Wakacheka — yaani waliandika kicheko. Nami nikasoma majina. Sauti yangu ilikuwa nyembamba lakini nilisoma. Mama Makakama wa Incheon. Mzee mmoja wa Mokpo anayejiita Chupa ya Pili.

Nilikosea jambo moja kubwa. Maneno ya watazamaji hufika yamechelewa, kama sekunde kumi na tano hivi. Kwa hiyo Chupa ya Pili alimfurahia mfinyanzi akicheza na udongo, lakini mimi nikasoma "Ewaa!" yake wakati mfinyanzi anapewa habari za mumewe kukatika mguu.

Bibi akaacha kuimba. "Nani huyo anashangilia mguu wa mtu?"

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini Bibi akaitazama kamera, uso mkavu, akasema, "Chupa ya Pili, baba, weka chini kwanza hiyo ya pili." Watu hoi! Yeye mwenyewe Chupa ya Pili aliandika kicheko cha mistari mitatu.

Halafu, karibu na mwisho, komenti ya hospitali. Bi Heo: "Mzee anagonga ukingo wa kitanda kwa kidole. Amesema lile neno lake. Mara mbili!"

Nikaisoma. Bibi akafungua upepeo. Na sauti aliyoitoa baada ya hapo — nimeishi naye miaka kumi na miwili, sikuwahi kuisikia. Nusura niitikie. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

Jioni alikula bakuli mbili za wali.

Jumatano, 24 Februari

Bi Heo amenipigia mimi, si simu ya nyumbani. Babu ana homa tangu Jumapili. Si ule ugonjwa, wamempima, ni mapafu tu yamechoka. Hafungui macho. Amehamishwa chumba cha chini, cha peke yake, na kishikwambi ni cha wodi ya juu.

Kisha Baba akapiga kutoka Gwangyang, anakoishi. Hospitali huzungumza naye yeye, ndiye aliyetia sahihi. Akasema Bibi asiambiwe.

"Ameanza kula," alisema. "Unataka aache tena?"

"Hapana, Baba."

"Basi. Ni siku chache, homa itashuka."

Bibi alikuwa nje anaanua nguo. Nilimwona dirishani, anaimba kwa pua huku anazikunja shati za Babu. Bado anazifua. Hakuna anayezivaa, lakini anazifua.

Jumamosi, 27 Februari

Sijui niandikeje.

Watazamaji tisini. Bibi aliimba vizuri, lakini kila baada ya wimbo mmoja macho yalikuja kwangu. Hakuuliza. Aliinua nyusi tu. Akaimba tena. Akainua nyusi. Sauti ikaanza kupungua, nikaisikia inapungua, mimi ndiye mwenye ngoma, mimi ndiye wa kwanza kusikia.

Kazi yangu ilikuwa kuitikia. Neno moja tu. Nilifungua mdomo na hakuna kilichotoka.

Badala yake nikaishika simu nyingine, ile ya kizamani ya Babu niliyokuwa nasomea komenti, nikajifanya nasoma ujumbe ulioingia. "Hospitali wanasema: Babu amesema Ewaa."

Ilitoka rahisi sana! Kumsemea mtu mwingine ni rahisi sana.

Bibi akachanua.

Nilisema hivyo mara tatu zaidi kabla ya mwisho.

Jumapili, 28 Februari

Homa haijashuka. Bibi ametengeneza kimchi ya figili ya kumpelekea Babu akiruhusiwa. Babu analishwa kwa mrija.

Jumamosi, 6 Machi

Watazamaji mia na tisini na wawili.

Hawaji kwa ajili ya mfinyanzi tu. Nimesoma wanavyoandika kabla ya saa tisa. "Babu yupo leo?" "Namngoja Babu." "Babu akisema Hapo hapo, nami nasema sebuleni kwangu." Mama Makakama ameandika kwamba mumewe naye yuko hospitali ya wazee, mwaka mzima hajamwona, na kila Jumamosi akimsikia babu wetu anaitikia, anakwenda kulala vizuri.

Nimemsomea Bibi kila kitu isipokuwa hiyo ya mwisho.

Leo tulifika kwenye mtungi. Mfinyanzi amengoja miaka saba. Kila mwaka amefinyanga mtungi mmoja mkubwa na kuongea ndani yake maneno ambayo angemwambia mumewe, kisha akaufunika. Mwaka wa saba anaita jina lake ndani ya mtungi na mtungi unamrudishia sauti yake mwenyewe. Hapo ndipo panapowamaliza watu. Ukumbini walikuwa wanalia, na wote wanaitikia kwa pamoja, Ewaa, kwa sauti ya chini.

Nikasoma: "Babu amesema, Hapo hapo!"

Bibi alinyamaza.

Kama pumzi mbili hivi. Nilidhani amesahau maneno. Nikarudia pigo, nikalirudia tena, kumkumbusha. Akaendelea, akamaliza hadithi, akainama, kichwa ndani ya picha kabisa kama alivyofundishwa. Akawashukuru watu kwa majina. Hakuinua nyusi tena.

Amezeeka, nikawaza. Anaanza kusahau.

Jumatatu, 8 Machi

Bibi haongei sana. Si hasira. Ananiwekea chakula, ananifunika blanketi miguu. Leo nimemkuta amekaa na ngoma ya Babu mapajani, hapigi, anaipapasa tu ngozi kwa kiganja.

Maua ya njano yametoka kwenye miti ya sansuyu barabara nzima. Mwaka juzi watu walikuja kwa mabasi kuyaona. Mwaka huu serikali ya mtaa imetundika vitambaa: MSIJE.

Jumatano, 10 Machi

Bi Heo: hali ile ile. Akaongeza kwamba anajitahidi kumwimbia mwenyewe lakini hajui kuimba, anajua wimbo mmoja tu wa shule ya msingi. Nikalia mtoto wa watu, kwenye simu, akangoja nimalize.

Nimwambie Bibi. Lazima nimwambie. Nimejaribu wakati wa chakula cha asubuhi, mchana, na tulipokuwa tunamenya vitunguu, ambapo kulia kusingeonekana.

Ijumaa, 12 Machi

Nimeandika ukurasa huu mara mbili, wa kwanza nimeuchana.

Baada ya chakula cha mchana Bibi aliniambia nikae. Nikakaa. Sakafu ilikuwa na joto, naye alikuwa amekunja mguu mmoja kama anavyokaa akimfundisha mtu.

"Nikuulize," alisema. "Babu yako yu hai?"

"Yu hai, Bibi."

"Anasikia?"

Nikaangalia ngoma.

"Haya. Tangu lini?"

"Tangu ile Jumapili. Baada ya ile siku aliyogonga kitanda." Na yote yakatoka: homa, chumba cha chini, Baba, kishikwambi. Nikasema ni mimi. Nikasema maneno yote yalikuwa yangu, hakuna hata moja lililokuwa lake.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Najua," alisema. "Nimejua tangu Jumamosi."

"Umejuaje?"

"Pale kwenye mtungi." Akaufuta mkeka kwa mkono ingawa hauna vumbi. "Babu yako haitikii pale. Wapiga ngoma wote wa nchi hii wanaitikia pale. Yeye hapana. Hapigi, hasemi. Anaweka mkono juu ya ngozi, ngoma inyamaze kabisa, mpaka nivute pumzi. Umekaa nyuma yake miaka yote hiyo hukuona?"

Sikuona. Nilikuwa namtazama Bibi, kama watu wote.

"Tulikuwa na binti kabla ya baba yako," alisema. "Alikuwa na miaka minne. Tulimzika Jumanne, Jumamosi tukaenda ukumbini kwa sababu tulikuwa tumeahidi. Nikafika kwenye mtungi. Nikaona mkono wake umekaa juu ya ngozi, haunyanyuki. Watu wanapiga kelele za Ewaa, yeye kimya. Basi nikajua kuna mtu mmoja mle ndani anasikia ninachoimba." Akakunjua mguu. "Tangu hapo kila mara. Hatujawahi kuliongelea."

Nikasema nisamehe, Bibi. Nikasema nilitaka ale. Yaani, wewe ule.

"Nimekula," alisema. "Nimekula uongo wako na wali juu yake. Nimenenepa." Alicheka kidogo, halafu uso ukavunjika, akageukia ukutani. Nikamshika mgongo. Ni mdogo sana, mgongo wenyewe. Vazi la jukwaani humfanya aonekane mkubwa.

Baadaye aliniambia kesho tunaimba kama kawaida, saa tisa.

"Ila usinisomee ya babu yako. Nataka kusikia ya kwako."

"Siwezi, Bibi."

"Umeweza ya kwake mara ngapi? Koo si lile lile?"

Jumamosi, 13 Machi

Ninaandika nje, kwenye benchi, hospitalini Suncheon. Daftari liko juu ya ngoma.

Saa nane na dakika thelathini na tano Baba alipiga simu. Wameruhusu watu wawili waingie kumwona, kwa mavazi ya kujikinga. Sasa hivi, alisema, msingoje. Wanaporuhusu ghafla hivyo, kila mtu anajua maana yake. Wawili ni Bibi na Baba.

Bibi alikuwa ameshavaa vazi la jukwaani. Mkeka umeshatandikwa. Kwenye simu watu mia mbili na kumi na sita wamengoja, wengine tangu saa nane.

"Waambie," Bibi alisema, akitafuta viatu.

"Mimi?"

"Mimi nafunga ngoma kwenye kitambaa. Waambie."

Nikakaa mbele ya kamera. Sijawahi kukaa mbele ya kamera, siku zote niko pembeni na nusu ya uso. Picha ya Babu na kofia yake ya jua ilikuwa hapo juu ya tundu. Nikaiambia picha.

Nilisema jina langu, Eun-byeol. Nilisema Babu hajatusikia tangu Februari tarehe ishirini. Maneno yote mliyoyasikia baada ya hapo niliyatunga mimi, kwa sababu nilishindwa kuitikia mwenyewe. Nikasema Mama Makakama, samahani, wewe hasa. Nikasema sasa tunakwenda kumwona na leo hakuna wimbo.

Nikanyoosha mkono kuzima. Bibi akasema niache. "Waache wakae. Wamekuja kwa watu, si heshima kuwafungia mlango." Kwa hiyo simu imebaki nyumbani, imetazama mkeka mtupu na kiwambo cha maua.

Tukaenda kwa teksi. Mimi nilibeba ngoma. Mlangoni hospitali wakasema ngoma haingii, haiwezekani kuipulizia dawa. Mimi pia siingii. Bibi akaniangalia kupitia ile ngao ya plastiki waliyomvalisha, vazi lake la bluu likiwa limefunikwa na gauni la karatasi, glavu mbili mbili. Akasema tu, "Zunguka nyuma."

Nikazunguka nyuma. Chumba kiko chini kabisa, kinatazama maegesho na mti mmoja wa sansuyu. Bi Heo amefungua dirisha upana wa kiganja. Ni mfupi kuliko nilivyodhani. Namwona Baba kichwa tu, ameinama. Babu simwoni, naona kilima kidogo cha blanketi.

Bi Heo amekileta kishikwambi cha wodi ya juu, amekiegemeza kwenye dirisha upande wangu. Mkeka wetu! Ule ule mtupu. Na komenti zinapanda, zinapanda. Watu mia na tisini bado wapo. Hakuna aliyenitukana, au wapo na komenti zao zimeshapita. Wanaandika Ewaa. Wanaandika Hapo hapo. Kwenye mkeka usio na mtu. Mama Makakama ameandika: "Mwitikie, binti. Sisi tunachelewa kufika."

Bibi ameanza.

Anaimba ndani ya barakoa mbili, bila upepeo, karibu na sikio la Babu. Inafika huku nje kama inatoka chini ya maji. Nimepiga pigo la kwanza pole pole, mtu mmoja kwenye maegesho akageuka. Uso umeniwaka moto. Bibi akashuka kwenye ile sehemu ya udongo, anaukanda, anauzungusha, na pumzi ikamkatikia mahali ambapo ukumbi mzima humsukuma —

Nikasema Ewaa.

Haikutoka vizuri. Ilipasuka katikati. Bibi hakugeuka lakini mgongo wake ukanyooka. Nikasema tena, kwa nguvu. Hapo hapo! Mlinzi alikuja, akasimama, Bi Heo akamtikisia kichwa kutoka dirishani, akarudi zake.

Nimeitikia mara nane. Tisa. Naandika hapa kwenye mapumziko, ile sehemu Bibi anasimulia tu bila kuimba, naye ameirefusha, nadhani anakusanya nguvu. Baba amekaa chini sasa. Blanketi linapanda na kushuka, linakaa sana kabla ya kupanda tena.

Amesimulia mwaka wa tano. Wa sita.

Mfinyanzi anauinua mfuniko. Bibi amevuta pumzi. Naweka kalamu chini, mkono unatakiwa juu ya ngozi